Mfiwa Hachimbi

Mzee Alute amekuwa akichimba makaburi ya mji huu tangu mimi nasoma darasa la pili, na sasa nina wajukuu. Hakuna aliyemteua. Ntundwa yetu imekaa juu ya mawe. Vijana wakianza kuchimba kwa akili zao hufika kiunoni wakakuta jiwe la kutosha msingi wa kanisa, wakahamia pengine wakaanza upya, na maiti inasubiri ndani. Alute huzunguka kidogo makaburini na mtaimbo wake, kile chuma kirefu cha kupasulia mawe, akagonga hapa na pale, kisha akasema chimbeni hapa. Kuna siku alikosea, na siku hizo aliwasha moto juu ya jiwe, akalimwagia maji likapasuka, akaendelea bila kumlaumu mtu.

Alichimbia Walutheri, Wakatoliki na Wapentekoste. Waislamu nao walimwita, akachimba nao mpaka kwenye mwanandani, ndipo akawapisha wamalize wenyewe. Malipo yake yalikuwa ugali wa msibani, kama kila mtu. Mkewe Dorkas, tuliyemwita Mama Rebeka, alikuwa akimtania kwamba amewajengea wafu wote wa Ntundwa vyumba visivyovuja, ila nyumba yake mwenyewe mvua ikinyesha wanalala wamekaa. Mzee alicheka na bati hakubadilisha. Ndivyo walivyoishi, na nilikuwa jirani yao, ukuta kwa ukuta.

Sasa nieleze ujinga wetu. Mji umekatwa na barabara ya lami iendayo Dodoma. Juu ya barabara ni Mlimani, kwenye mawe, shule na makaburi. Chini ni Bondeni, kwenye soko, kisima cha pampu na mashine ya kukamua alizeti. Miaka yote sisi wa Bondeni tulivuka kwenda kusoma na kuzika, wao wakavuka kuchota maji na kuuza kuku, na barabara ilikuwa barabara tu, jambo la kuangalia usigongwe. Kisha ukaja uchaguzi wa mwenyekiti wa mtaa. Bondeni tulikuwa na Leonidas, mwenye duka la saruji na mabati. Mlimani walikuwa na Gabrieli, mwalimu mstaafu ambaye hata salamu anaitoa kama anasomesha. Leonidas akatangazwa mshindi. Mlimani wakasema kura zimepikwa, wakamwapisha Gabrieli wao wenyewe kwenye uwanja wa shule. Malalamiko yakapelekwa kwa wakubwa, wakubwa wakasema wanayashughulikia, na wanayashughulikia mpaka leo.

Nani alishinda kweli? Mimi sijui, na nimechoka kuulizwa. Kazi ya mwenyekiti wa mtaa ni kupiga muhuri na kusuluhisha watu ambao mbuzi wao wameingia mashambani mwa wenzao. Kwa cheo hicho tuligawana mji mzima. Kwaya ikavunjika katikati ya mazoezi ya Pasaka, sauti ya tatu yote ikahamia Mlimani, kwa hiyo sasa kuna kwaya mbili mbovu. Wanawake wa Mlimani waliacha pampu yetu wakaenda kuchimba maji ya mchanga mtoni, maji ya rangi ya chai ya maziwa, eti kwa heshima. Na sisi wa Bondeni tulikaa kwenye pampu tukawacheka, na mimi nilikuwepo.

Lakini lililonichoma ni la kuzikana. Tulikuwa na chama kimoja cha kuzikana, cha tangu enzi za baba zetu. Leonidas alituita sokoni akasema kuanzia siku hiyo Bondeni itawazika wa Bondeni. Atakayevuka kumchimbia mtu wa Mlimani, siku yake ikifika atajizika mwenyewe. Watu wakapiga makofi. Fredrick, mume wangu, alipiga makofi. Nilikuwa nimekaa nyuma yake nikayaona mabega yake yakitikisika kwa bidii. Gabrieli naye hakuchelewa, alitangaza yaleyale upande wake kwa maneno ya kisomi.

Alute alikuwa mkutanoni. Alinyoosha mkono, akauliza makaburi yakiwa Mlimani sisi tutazika wapi, maana Bondeni ukichimba mita moja unakuta maji. Leonidas akamjibu kwamba kamati itatafuta kiwanja. Kiwanja hakijapatikana. Makaburi ni yaleyale ya kando ya barabara, na hakuna upande uliothubutu kuyafunga, kwa kuwa kila upande una mama zake mle. Kwa hiyo tulizika kwenye makaburi hayohayo, ila kwa zamu, bila kuangaliana.

Mwaka jana, kipindi cha mvua, binti wa Eliya alifariki kwa homa. Eliya ni fundi baiskeli wa Mlimani, kijana mpole, na mtoto aliitwa Elina, hata shule hajaanza. Siku hiyo malalamiko ya uchaguzi yalikuwa yanasikilizwa wilayani, na Gabrieli alikuwa amewapakia wanaume wote wa Mlimani kwenye malori mawili kwenda kumshangilia. Eliya alibaki na mkewe, na mtoto kitandani, na wazee wawili wasioweza kunyanyua jembe. Habari ikavuka barabara. Habari haina upande.

Nilimwona Mzee Alute akitoka na mtaimbo begani. Dorkas alikuwa nyuma yake amebeba ndoo ya maji ya pampu na kanga mpya aliyoinunua kwa ajili ya harusi ya mpwa wake. Wakavuka. Yeye alichimba, Dorkas alimwosha mtoto, akamfunga ile kanga. Jioni walirudi, mzee miguu imejaa udongo mwekundu, Dorkas macho yamevimba. Mimi nilikuwa na ugali jikoni, nikawapelekea.

Kesho yake kamati ya Bondeni ilimfuta Alute uanachama. Walisema amevunja nidhamu. Wengine wakasema ni mpelelezi, anapeleka siri za Bondeni Mlimani. Siri gani? Bei ya mashudu? Na Mlimani nao hawakumshukuru. Waliporudi kutoka kwenye kushangilia kwao walisema Bondeni imemtuma mzee kuja kuwaaibisha. Ukiwa na moyo mwema Ntundwa unapigwa kutoka pande zote mbili za lami.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa mwezi wa sita, siku Dorkas alipoanguka. Tulikuwa tunapepeta alizeti uani kwake, mimi na yeye. Alisema kichwa kinamgonga, akakaa juu ya turubai, akalala upande. Presha ilikuwa inamsumbua siku nyingi. Nilimwita, nikamtikisa, nikapiga kelele. Mzee akatoka ndani na kikombe mkononi, akapiga magoti, akamfumba macho. Alishafumba macho ya wengi, lakini safari hii mkono wake ulikosea, ukashika paji la uso kwanza.

Hapa kwetu msiba hauna mwaliko. Kengele ya kanisa ikigongwa, yaani ile rimu ya lori iliyoning'inizwa, wanaume hutoka kila mmoja na jembe lake au sururu, wanakutana makaburini. Mfiwa hukaa mkekani. Hagusi jembe. Mfiwa akionekana anachimba, watu husema huyo hana watu, na hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Mtu anaweza kukosa mbuzi, akakosa bati, akakosa hata mtoto, lakini akikosa wa kumchimbia amekosa kila kitu.

Rimu iligongwa. Fredrick alichukua jembe nyuma ya mlango, nikamwona, nikashukuru. Kisha simu yake ikalia. Leonidas alikuwa ametuma ujumbe kwenye grupu la chama: msiba wa Mzee Alute hauko kwenye utaratibu, wanachama wasubiri maelekezo. Fredrick aliusoma ule ujumbe akiwa amesimama, akausoma tena, akalirudisha jembe nyuma ya mlango taratibu kama anayelaza mtoto. Nikamuuliza kama hakula ugali wa Dorkas siku mama yake alipofariki. Akaniambia nisiingilie mambo ya wanaume. Nilimwambia nisiyoweza kuyaandika hapa.

Kule msibani tulikuwa wanawake wachache tu, wengi wamefunika nyuso wasionekane. Rebeka, binti yao, alifika mchana kutoka Mitundu alikoolewa. Alimlilia mama yake, kisha akatazama nje akauliza wanaume wako wapi. Ndipo akaja mjumbe wa kamati, akasimama mlangoni bila kuvua kofia, akasema Leonidas amesema Mzee akiomba radhi, wanaume watakuwa makaburini ndani ya nusu saa.

Rebeka alimshika baba yake magoti. Alimwambia aombe radhi, maneno ni maneno tu, mama asilale ndani bila kuchimbiwa kama mtu asiye na kwao. Nilidhani mzee atakataa. Alinyanyuka, akavaa koti, akasema twende. Alikuwa tayari, nataka hilo lijulikane, kwa sababu wapo wanaosema alikuwa na kiburi. Kwa ajili ya Dorkas angeomba radhi hata kwa mbwa.

Tulimkuta Leonidas dukani amekaa juu ya mifuko ya saruji, wazee wa kamati wamejipanga kushoto na kulia kwake. Tulisalimia. Alimpa Alute pole, akampa hata kiti. Akasema yeye hana kinyongo, ila chama kina sheria, na sheria ikivunjwa bila neno kila mtu atavuka. Alute akasema ni kweli alivuka bila kuiambia kamati, na kwa hilo anaomba radhi. Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika, na mimi nikashusha pumzi.

Leonidas akasema bado. Alitaka mzee aseme mbele ya wote kwamba anajutia kulichimba lile kaburi lenyewe. Akasema hivi hivi, bila aibu, akiwa anajipangusa saruji kwenye suruali.

Rebeka alimvuta baba yake koti. Mimi mwenyewe nilikuwa naomba moyoni aseme tu, aseme yaishe.

"Leonidas," akasema, "lile lilikuwa kaburi la mtoto. Nijutie nini mle?"

"Ujutie kuwa ulikuwa wa Mlimani siku ile."

"Nilikuwa baba wa mtu siku ile. Na mama yake Rebeka ndiye aliyemwosha. Nikisema najuta, nimemwambia mke wangu aliyelala kule kwamba mikono yake ilifanya uchafu." Akasimama. "Siwezi. Nimejaribu, mmeniona nimejaribu."

Hakuna mzee hata mmoja aliyenyanyua kichwa. Wengine wao makaburi ya baba zao yalichimbwa na mikono ileile. Wanasema kifo cha wengi ni harusi. Ningependa kuwauliza wazee wale, kifo cha peke yako kinaitwaje?

Alipita nyumbani, akachukua mtaimbo, beleshi na jembe, akaelekea makaburini peke yake. Rebeka alilia akisema baba usifanye hivyo, watu wataona. Akamwambia acha waone. Nami nikachukua karai nikamfuata, nikasikia nyuma yangu minong'ono ya wanawake kwamba mimi Flora nimerukwa na akili, mwanamke hachimbi kaburi. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba laiti jiwe lingenijibu ningepigana nalo.

Aligonga, akatafuta, akachora mstari kwa mtaimbo, akaanza. Mimi nilizoa udongo kwa karai. Barabarani vijana wa bodaboda wa pande zote mbili walikuwa wameegesha, huku wa Bondeni, kule wa Mlimani, wanatutazama kama mpira. Nilimwona Fredrick kati yao. Nilimtazama mpaka akaangalia pembeni. Mzee alifika magotini, akakuta jiwe. Akalipiga. Akalipiga tena. Pumzi zake zilianza kukatika, na ana miaka sabini na kitu, na mkewe hata siku moja hajamaliza kufa.

Eliya alitokea upande wa Mlimani, na sururu begani. Vijana wa kwao walimwita jina, mmoja akamshika mkono, akautoa ule mkono. Alishuka mpaka pale, akasimama ukingoni.

"Shikamoo, Baba Rebeka."

"Marahaba."

"Toka humo, baba. Nenda ukakae."

Mzee alimtazama kama hajamsikia. Eliya akaingia shimoni, akaushika mtaimbo pamoja naye, akaushikilia hivyo hivyo, na sikuona nani aliuachia kwanza. Alute alitoka akakaa juu ya lile fungu la udongo, akaanza kulia. Tangu asubuhi hakuwa amelia. Alilia kwa sauti, mzee mzima, mbele ya bodaboda zote, na sikumnyamazisha kwa sababu hatimaye alikuwa mfiwa kama wafiwa wengine.

Eliya alichimba mpaka jioni. Jiwe lilimpa taabu, mikono ikachubuka, akaifunga kitambaa akaendelea. Hakuna mwingine aliyekuja. Kesho yake asubuhi ndipo tulipomzika Dorkas, na hapo sasa tazama maajabu. Gabrieli alikuwa amesikia Leonidas atakuja mazikoni, akaja. Leonidas alikuwa amesikia Gabrieli atakuja, akaja. Kila mmoja alikuja na watu wake ili asionekane ana watu wachache. Kaburi ambalo jana halikuwa na wachimbaji leo lilikuwa na umati, mashati yamepigwa pasi, viatu vinang'aa. Fredrick naye alikuja amevaa suti yake. Mwinjilisti alisoma neno, tukaimba, jeneza likashuka.

Ndipo Leonidas akajongea, akakohoa, akasema kwa niaba ya serikali ya mtaa angependa kutoa salamu za rambirambi. Gabrieli akasema samahani, salamu za serikali ya mtaa atazitoa mwenyewe mwenyekiti. Wakaanza kusukumana kwa heshima pale pale ukingoni, huyu akisema tafadhali, yule akisema tafadhali, udongo unamwagikia jeneza chini ya viatu vyao.

Mzee Alute alinyanyuka kutoka mkekani.

"Nyamazeni wote wawili," akasema. "Hapa atazungumza aliyechimba."

Leonidas alirudi nyuma hatua moja, Gabrieli naye akarudi, na kwa mara ya kwanza tangu uchaguzi nikawaona wamesimama pamoja, hawana pa kuangalia. Watu waligeuka kumtafuta Eliya. Alikuwa nyuma kabisa, kwenye nguo zilezile za jana, mikono imefungwa vitambaa. Hakutaka kuja mbele. Mzee akamngoja. Alipofika alisimama akitazama chini.

"Huyu mama alimwosha mwanangu," akasema. "Mimi nimekuja kumchimbia. Sina zaidi."

Akachukua beleshi akaanza kufukia. Kwa desturi wanaume hupokezana beleshi wakati wa kufukia, kila mmoja akitaka ashike japo kidogo. Siku ile wengine walisogea kupokea, na Eliya hakumpa mtu. Alifukia peke yake mpaka mwisho, na umati mzima ulisimama ukamtazama, maana huwezi kuondoka kaburi halijajaa. Sijawahi kuona adhabu kama ile. Wengine walilia, sijui walikuwa wanamlilia Dorkas au wanajililia wenyewe, na sikuwahurumia.

Ungetegemea nikwambie kwamba baada ya hapo Ntundwa ilipatana. Haikupatana. Wiki iliyofuata Mlimani walimfuta Eliya kwenye chama chao kwa kosa la kumchimbia mtu wa Bondeni. Gabrieli alisema imemuuma sana, ila utaratibu ni utaratibu. Leonidas anaendelea na mikutano yake, na makofi bado yanapigwa, ingawa siku hizi si wote wanaopiga.

Kwa hiyo sasa wako wawili, mzee wa Bondeni na fundi baiskeli wa Mlimani, ambao hawana chama isipokuwa wao kwa wao. Jumapili jioni Eliya huvuka, wakakaa uani kwa Alute wakala viazi, na mara nyingine hawazungumzi kabisa. Kuzungumza kwenyewe wanazungumza mambo madogo, minyororo ya baiskeli na mvua. Atakayetangulia atachimbiwa na mwenzake. Atakayebaki, sijui.

Fredrick jana aliniuliza kwa nini siku hizi simsemeshi. Nikamwambia nitamsemesha akilichukua lile jembe nyuma ya mlango, avuke nalo, akamwambie Eliya kwamba wako watatu. Alikwenda kulala. Asubuhi nilipoamka jembe lilikuwa palepale, naye ameshakwenda kunywa chai kwa Leonidas.

Basi nimelichukua mimi.